Columbus: Mji Uliolilia Woga wa Kocha Wake

MSOMAJI mpendwa, ukijaliwa siku moja kufika Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio nchini Marekani, chunga ulimi wako. Usitaje Michigan ovyo.

Mimi nilifanya kosa hilo katika wiki ya mwisho ya Novemba 2024. Dereva wa teksi aliponiuliza safari ilikuwaje, nilimjibu kwa furaha kwamba ndege yetu ilipitia Detroit, Michigan, na kwamba watu wa huko walinipokea vizuri. Mzee wa watu aliufyata. Hakunisemesha tena hadi tulipofika mlangoni kwa dada yangu.

Dada alicheka hadi akashika mbavu. "Ndugu yangu," akaniambia, "wiki hii hapa kwetu hata herufi M imepigwa marufuku."

Nilidhani ananitania. Kesho yake mpwa wangu, kijana wa miaka 20 anayesoma Chuo Kikuu cha Ohio State, alinitembeza chuoni nikajionea. Katika kibao baada ya kibao, kila palipokuwa na herufi M palikuwa pamebandikwa utepe mwekundu wenye umbo la X. Jumamosi ya tarehe 30 timu ya chuo hicho ingepambana na ya Chuo Kikuu cha Michigan, na mji mzima ulikuwa umeshika roho mkononi.

Nilikwenda Columbus kumwona dada, wala si kutazama mpira. Lakini nilirudi Nairobi na kisa cha mpira, na ndicho ninachotaka kukusimulia leo. Kisa chenyewe ni cha timu iliyoshindwa kwa alama 3 tu, na watu waliolia si kwa sababu ilishindwa, bali kwa namna ilivyoshindwa.

UGOMVI WA MABABU

Columbus ni mji wa tambarare, usio na bahari wala mlima. Mto Scioto hupita katikati yake, na mto mdogo uitwao Olentangy huja kuungana nao baada ya kupita kando ya chuo. Hapo kando ya Olentangy ndipo uliposimama uwanja wa timu, jengo kubwa la saruji lenye umbo la kiatu cha farasi. Ulifunguliwa mwaka 1922, na leo una nafasi za watu zaidi ya 100,000. Ungeujaza uwanja wetu wa Nyayo mara tatu, na bado ungebakiwa na watu wa kurudisha nyumbani.

Na kumbuka, msomaji, wanaojaza uwanja huo hawaji kutazama klabu ya kulipwa. Wanakuja kutazama wanafunzi. Chuo hiki kina wanafunzi wapatao 60,000 hapo Columbus, na mashabiki wake hurithishana mapenzi hayo kama shamba la ukoo.

Ugomvi na Michigan ni wa tangu mababu. Mwaka 1835 majimbo hayo mawili, wakati huo Michigan ikiwa bado haijawa jimbo kamili, yalipeleka askari mpakani kugombania kipande cha ardhi chenye mji wa Toledo. Mwishowe serikali kuu iliipa Ohio mji huo, na Michigan ikafidiwa ardhi ya kaskazini. Vyuo vikuu vyao vikaanza kucheza kandanda mwaka 1897. Tangu 1934, kila mchezaji wa Ohio State anayeishinda Michigan hupewa kidani chenye umbo la suruali ndogo ya dhahabu. Utakuta mzee amefikisha miaka themanini, amesahau tarehe ya harusi yake, lakini suruali zake za dhahabu anazijua idadi.

Mpwa wangu alinipitisha pia katika barabara inayoambaa na uwanja. Inaitwa Woody Hayes Drive, kwa jina la kocha aliyeiongoza timu hiyo kuanzia 1951 hadi 1978. Mzee Hayes hakupenda kurusha mpira. Mchezo wake ulikuwa kumpa mkimbiaji mwenye nguvu mpira, apenye katikati ya miili, asogee hatua chache, aanguke, ainuke, arudie tena. Mtindo huo ulipewa jina la "yadi tatu na wingu la vumbi". Kwa mtindo huo alishinda mechi 205 akiwa Columbus.

Kwa hivyo, tahadhari si jambo geni katika mji huu. Imejengewa barabara. Likumbuke hilo, maana tutalirudia.

MCHEZO WENYEWE

Kandanda ya Kimarekani si ile tunayoijua sisi. Hebu fikiria raga, kisha uwaongezee wachezaji kofia ngumu na mabega ya kubandika. Mpira una umbo la papai. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Isipofaulu, wapinzani huuchukua.

Kuna njia mbili za kusogea. Ya kwanza ni kukimbia nao. Njia hii ni ya polepole, lakini si rahisi kupokonywa. Ya pili ni kuurusha mbali kwa mwenzako aliyetangulia. Njia hii hukupa yadi nyingi kwa mara moja, lakini adui anaweza kuunasa mpira hewani ukawa wake.

Ukiuvusha mstari wa mwisho unapata alama 6, na nafasi ya kuongeza. Ukishindwa kufika, unaweza kupiga mkwaju upite kati ya milingoti, upate alama 3.

Basi kila dakika kocha huulizwa swali moja: utakwenda kwa miguu au utarusha? Ndilo swali lililouliza mji mzima wa Columbus siku hiyo.

Ohio State ilikuwa na vijana watatu wa kupokea mpira ambao timu nyingi zingewatamani: Jeremiah Smith, Emeka Egbuka na Carnell Tate. Michigan, kwa upande wake, ilikuwa na majabali mawili katikati ya ngome yake, Mason Graham na Kenneth Grant. Hata mtoto wa shule ya msingi angekwambia: usipite katikati, zunguka.

Tena Michigan ilikuwa inayumba msimu huo. Ilikuwa imeshinda mechi 6 na kushindwa 5, na beki wake hodari, Will Johnson, alikuwa nje. Ohio State ilikuwa ya pili katika orodha ya taifa zima, na ilikuwa imeshindwa mara moja tu. Wacheza kamari waliipa ushindi wa alama 20 hivi kabla mpira haujapigwa.

NDANI YA MKAHAWA

Tiketi za mchezo huo hazikukamatika. Mpwa wangu alikuwa na yake ya mwanafunzi. Mimi dada alinipeleka kaskazini ya mji, karibu na barabara ya Morse, penye maduka na mikahawa ya Wasomali.

Usishangae. Columbus ni miongoni mwa miji ya Marekani yenye Wasomali wengi zaidi, na walianza kuhamia huko miaka ya tisini. Wengi wao walipitia Kenya, ama kambi za Dadaab ama Eastleigh. Niliagiza chai ya maziwa na sambusa kwa Kiswahili, na nikajibiwa kwa Kiswahili. Mzee niliyeketi naye aliwahi kuuza nguo Eastleigh kabla ya kuja kuendesha malori huku. Alikuwa amevaa kofia nyekundu ya Ohio State juu ya ndevu zake za hina.

Mchezo ulianza saa sita mchana, wakati kwenu Nairobi ni saa mbili usiku. Ohio State walitangulia kwa mkwaju wa alama 3. Kisha kotabeki wao, yaani mgawaji wa mpira, Will Howard, akarusha pasi iliyonaswa karibu kabisa na mstari wake mwenyewe. Punde Michigan wakauvusha. Ikawa 7 kwa 3, halafu 10 kwa 3. Kabla ya mapumziko Howard alimpata Smith, wakafunga, ikawa 10 kwa 10.

"Sasa ameona," mzee akaniambia, akimaanisha kocha Ryan Day. "Amerusha, amepata. Kipindi cha pili utaona mvua ya pasi."

Mvua haikunyesha. Kipindi cha pili kilipoanza, tuliona mpira ukipelekwa katikati, palepale walipokuwa wale majabali wawili. Yadi mbili. Tena katikati. Yadi moja. Pasi moja hapa, nyingine pale, kisha tena katikati. Mzee alivua kofia akaiweka mezani.

"Mtu ana ngamia watatu wamefungwa uani," akasema, "lakini anabeba mzigo kichwani."

Nisije nikamwonea kocha, msomaji. Woga wake ulikuwa na sababu. Pasi moja iliyonaswa ndiyo iliyowapa Michigan bao lao, na baadaye ikanaswa ya pili. Tena mpigaji mikwaju wake alikosa mara mbili, mikwaju ambayo kwa siku nyingine huingia. Moja tu kati ya hiyo ingeingia, huenda leo tungesema kocha alikuwa na hekima. Ndivyo alivyo woga: haukosi ushahidi wa kujitetea.

Lakini hesabu haikuficha kitu. Siku hiyo Ohio State walikimbia na mpira mara 26 wakapata yadi 77 pekee. Michigan nao walirusha wakapata yadi 62 tu, jambo la kuchekesha kwa timu iliyoshinda. Wao lakini hawakuwa na wapokeaji wa kuwaficha. Walicheza kwa nguvu walizokuwa nazo. Wenyeji walicheza kwa nguvu wasizokuwa nazo.

Zikiwa zimebaki sekunde 45, Michigan walipiga mkwaju wa karibu. 13 kwa 10. Mchezo ukaishia hapo, na huo ukawa mwaka wa nne mfululizo Ohio State kushindwa na Michigan.

Tulisikia uwanja mzima ukizomea kupitia runinga. Wakati wachezaji wa Michigan walipotaka kusimika bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikazuka hadi polisi wakatumia dawa ya kuwasha macho. Baadaye kila chuo kilitozwa faini ya dola 100,000.

KILIO CHA BARABARANI

Jioni nilikwenda kumchukua mpwa wangu High Street, barabara kuu inayopakana na chuo. Ilikuwa baridi ya kukata masikio. Nilitarajia kukuta matusi na chupa zikivunjwa. Nilichokuta ni kama watu wanaotoka mazikoni. Walitembea wawili wawili, watatu watatu, na kila kundi nililopishana nalo lilikuwa likisema maneno yaleyale: kwa nini hakurusha? Kwa nini katikati? Alikuwa anawaweka wale vijana kwa ajili ya nani?

Mpwa wangu aliingia garini sauti imemkauka. Tulifika nyumbani dada akiwa amepakua pilau, anajiandaa kwa zamu ya usiku. Yeye ni muuguzi.

"Na wewe unalia kwa ajili ya mpira?" akamwuliza mwanawe.

"Mama, tungeshindwa tukijaribu ningekula nikalala," kijana akajibu. "Hatukushindwa na Michigan. Tulishindwa na kuogopa Michigan."

Nikamwona dada ameweka kijiko chini. Nikajua mazungumzo si ya mpira tena.

Hapa sina budi kukueleza, msomaji. Kijana huyu alikuwa akisomea uuguzi kama mama yake. Alikuwa hodari, na kazi ilikuwa ikimngoja. Lakini tangu utotoni alipenda ndege. Ohio ndilo jimbo la ndugu Wright, walioishi Dayton na kutengeneza ndege iliyoruka mwaka 1903, na alikuwa amezuru makumbusho yao mara nyingi kuliko msikiti na kanisa za mtaani kwao zikiwekwa pamoja. Alitaka kuhamia uhandisi wa ndege. Kuhama kungemaanisha hesabu ngumu, mwaka mzima zaidi chuoni, na karo ambayo dada hakuwa nayo. Mama alikuwa amekataa. Fomu ilikuwa imelala juu ya friji tangu Septemba.

"Huyo kocha wenu," dada akasema taratibu, "ana majaribio manne kila mara. Akishindwa anapewa mpira tena. Mimi niliingia nchi hii mwaka 2003 na sanduku moja na jaribio moja. Ningerusha mpira ukanaswa, wewe ungezaliwa wapi? Yadi tatu tatu ndizo zilizokulea."

Hakuna aliyemjibu. Mimi mwenyewe nilitazama sahani yangu. Baba yetu, karani wa reli pale Voi, alitulea hivyohivyo, na sikuwahi kumwona kama mwoga. Niliona tu kwamba tulikula kila siku.

Lakini kijana alipoinuka kunawa mikono alisema kwa heshima, "Ni kweli, Mama. Ulikuwa huna wapokeaji. Sasa unaye mmoja."

Dada alikwenda kazini bila kuaga.

BAADA YA MATANGA

Kisa cha uwanjani kilikuwa na mwendelezo ambao hakuna aliyeutarajia. Ohio State bado walikuwa na nafasi katika mashindano ya kumtafuta bingwa wa taifa. Tarehe 21 Desemba waliikaribisha Tennessee katika uwanja uleule. Mashabiki wengi walikuwa wameuza tiketi zao kwa uchungu, na majukwaa yalijaa jezi za rangi ya chungwa za wageni. Wengine walikuja ili wamzomee kocha.

Hawakupata nafasi. Tangu dakika za mwanzo mpira ulirushwa mbali, na wale vijana wakaachiliwa wakimbie. 42 kwa 17. Siku ya Mwaka Mpya wakaifunga Oregon 41 kwa 21, kisha Texas 28 kwa 14.

Fainali ilichezwa Atlanta tarehe 20 Januari 2025, dhidi ya Notre Dame. Ohio State waliongoza kwa kishindo, halafu wapinzani wakaanza kuwafikia hadi ikawa 31 kwa 23. Zilikuwa zimebaki kama dakika tatu. Ohio State walikuwa na jaribio la tatu, na yadi 11 za kusogea. Kitabu cha zamani kinasema: kimbia, choma saa, piga mpira mbali, omba Mungu. Ndivyo mtu angefanya aliyeogopa kama mwezi wa Novemba.

Howard alirusha. Mpira ulisafiri angani, Smith akaudaka, ikawa zaidi ya yadi 50 kwa mara moja. Mkwaju wa mwisho ulifanya mambo kuwa 34 kwa 23. Kocha yuleyule aliyezomewa akainua kombe.

Nilikuwa Nairobi alfajiri hiyo, nimekesha. Simu ililia kabla hata sijazima runinga. Alikuwa dada, akiwa kwenye mapumziko ya zamu yake hospitalini.

"Umemwona?" akaniuliza. "Amerusha."

"Nimemwona, Dada."

Akanyamaza kidogo. "Ile fomu bado iko juu ya friji," akasema.

Agosti 2025 mpwa wangu alianza uhandisi. Nisikudanganye kwamba yote yalikwenda kama asali. Mtihani wake wa kwanza wa hesabu alipata alama za kutia huruma, na dada aliongeza zamu mbili kwa wiki ili karo itimie. Muhula ulipoisha kijana alipita, lakini si kwa kishindo. Tarehe 29 Novemba mwaka huo Ohio State walikwenda Michigan na hatimaye wakashinda, 27 kwa 9. Wiki moja baadaye walicheza na Indiana, wakakosa mkwaju wa karibu, wakashindwa. Matokeo yalikuwa yaleyale ya mwaka uliotangulia: 13 kwa 10. Na mashabiki, kama ada yao, walianza upya kubishana kama ilikuwa afadhali kupiga au kujaribu kusogea.

Kwa hivyo sikwambii kwamba ujasiri hushinda siku zote. Hata uhandisi unaweza kumshinda mpwa wangu bado. Ninachokwambia ni kile nilichokisikia High Street usiku ule wa baridi: watu husamehe kushindwa, lakini si rahisi wakusamehe ukishindwa huku nguvu zako umezifungia uani.

Mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, huenda nawe unajaza fomu ya chuo, na umeandika kozi fulani kwa sababu tu haiwezi kukuangusha. Nawe mzazi uliyeketi kando yake, huenda umemlea kwa yadi tatu tatu, na hakuna mwenye haki ya kukulaumu. Ila kabla hamjaituma fomu hiyo, kaeni mezani muulizane kwa upole: huyu mtoto ana nguvu gani, na je, tumeiandika hapa?